Kutenga eneo la hifadhi ya bahari na kulilinda: mwongozo kamili kwa vijiji na shehia za pwani

Maeneo mengi ya bahari yanayotengwa hufa kwa sababu moja: yalichorwa makubwa kuliko uwezo wa wenyewe kuyalinda. Tangazo linasomwa, maboya yanatiwa, watu wanapiga picha. Ukifika mwezi wa nne tangu kufunga, mafuta ya boti yanakwisha na majuya, zile nyavu za kukokota, yanarudi usiku. Baada ya hapo hata mvuvi mwaminifu anaona kubaki nje ni kujinyima bure, na mkija tena na wazo la kufunga mwamba hamtasikilizwa kwa miaka. Kwa hiyo hesabuni ulinzi kwanza, ndipo mchore mpaka.

Maelezo haya ni ya pwani ya Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya. Sheria zinatofautiana, lakini kazi ya baharini ni ile ile.

Kwanza: mnataka ngazi gani ya hifadhi?

Ngazi ya juu kabisa ni ya taifa. Tanzania Bara, Waziri hutangaza hifadhi ya bahari au eneo tengefu katika Gazeti la Serikali chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Na. 29 ya 1994. Ndiyo iliyozaa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia mwaka 1995, yenye kilomita za mraba 822, kisha Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mwaka 2000, na hifadhi ya silikanti, samaki wa kale wa maji ya kina, Tanga mwaka 2009. Kenya, hifadhi za taifa za bahari zinasimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la nchi hiyo. Malindi na Watamu zipo tangu 1968, na ndani yake uvuvi wa aina yoyote ni marufuku. Ngazi hii ina askari, bajeti na mahakama nyuma yake. Ubaya wake ni kwamba uamuzi unatoka mikononi mwenu, na kubadilisha mpaka baadaye ni safari ndefu.

Ngazi ya pili ni usimamizi shirikishi. Bara, BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za pwani yao, inaingia makubaliano ya usimamizi chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003. Kenya, BMU inafanya kazi chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016. Zanzibar, Kamati za Uvuvi za Shehia zinafanya kazi chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 7 ya 2010, mara nyingi ndani ya hifadhi kubwa kama Menai au ile ya Mkondo wa Pemba.

Ngazi ya tatu ni kufunga mwamba kwa muda, miezi mitatu kwa kawaida, kwa ajili ya pweza. Kijiji ambacho hakijawahi kusimamia chochote baharini kianzie hapa. Mkishindwa, mmepoteza miezi mitatu tu. Mkifaulu, mnakuwa na doria iliyozoea kazi na daftari lenye takwimu, na hayo ndiyo halmashauri au wizara itakayoyataka mkiomba zaidi.

Lengo moja, kwa sentensi moja

Andikeni eneo linalinda nini. Majibu ya jumla kama "kulinda mazingira" hayawasaidii kuchora mpaka. Pweza anaishi mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na jike hutaga mara moja tu, analinda mayai bila kula, kisha anakufa. Anakua haraka sana, ndiyo maana miezi mitatu inatosha kuona tofauti. Tafi na pono wanahitaji miaka. Chewa wakubwa huchukua miaka kumi na kuendelea kurudi kwa wingi, kwa sababu hukomaa wakiwa wamechelewa. Jodari, nguru na vibua hawafungiwi na eneo la kijiji, wanapita tu. Anayewaahidi wavuvi wa nguru kwamba mwamba mkifunga watapata zaidi anawadanganya, na mwaka wa pili watamkumbusha.

Kama lengo ni chewa au tafi, ulizeni wazee wa mishipi wanakusanyika wapi kuzaa na mwezi ukiwa wa ngapi. Mara nyingi ni mlango wa mwamba au mteremko wake wa nje, siku za karibu na mwezi mchanga au mwezi mpevu. Kufunga mahali hapo kwa misimu ya kuzaa tu kunaweza kuleta faida kuliko kufunga eneo mara kumi yake mwaka mzima.

Ramani ya watumiaji kabla ya ramani ya mwamba

Chukueni karatasi kubwa au picha ya setilaiti iliyochapishwa, kaeni na kila kundi peke yake: wa mishipi, wa madema, wa nyavu, wa kuzamia, wachokoaji wa pweza kwa miguu, wakulima wa mwani, waongoza watalii, manahodha wanaopita tu. Kila kundi lichore linapofanya kazi wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, kwa rangi mbili tofauti. Tofauti ya misimu ndiyo inayosahaulika. Mwamba unaoonekana hauna mtu wakati wa kusi unaweza kuwa ndio tegemeo la kijiji kizima bahari ikitulia.

Mikutano ya wachokoaji, ambao wengi ni wanawake, ipangwe siku za maji mafu, maji yanapotoka kidogo tu. Ukiitisha wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kutoka sana, maji yakitoka watakuwa mwambani na mkutano utakuwa wa wanaume wenye vyombo. Hao wenye vyombo watakubali haraka kufunga mwamba wa karibu, kwa sababu wao wana pa kwenda. Anayekwenda kwa miguu hana. Huu ni udhalimu unaotokea kimyakimya, na unarudi baadaye kama uvunjaji wa sheria ambao kamati haielewi umetoka wapi.

Wavuvi wa dago nao ni watumiaji. Wanakuja kwa msimu, wanapiga kambi, wanaondoka. Jueni wanatoka kijiji gani na nani huwapokea, kisha pelekeni barua ya uongozi wenu kwa uongozi wa kwao kabla msimu haujaanza. Kuwaambia wakiwa tayari wameshatia nyavu ni kuanza kwa ugomvi.

Ukubwa: hapa ndipo penye uamuzi mzito

Chukueni boti mliyonayo. Mashine ya nguvu farasi 15 ya mzunguko wa mapigo mawili inakula takriban lita 6 za petroli kwa saa ikiwa kasi. Doria tatu kwa wiki, saa mbili kila moja, ni doria kama 12 kwa mwezi: saa 24, lita 144, na karibu lita 3 za oili ikiwa mnachanganya moja kwa hamsini. Zidisheni kwa bei ya mafuta ya kwenu leo, ongezeni posho ya watu watatu kwa kila doria, betri za tochi, vocha za simu na akiba ya plagi na propela. Hiyo ndiyo gharama ya mwezi mmoja. Zidisheni kwa 12. Kama hamjui pesa hiyo itatoka wapi kwa miaka miwili, eneo ni kubwa mno.

Jicho linalinda bure, kwa hiyo mpaka unaoonekana kutoka ufukweni una thamani kuliko ule wa mbali. Mtu aliyesimama ufukweni, macho yakiwa mita 2 juu ya maji, upeo wake wa macho uko kama kilomita 5. Akipanda jukwaa la mita 9 anafika karibu kilomita 11. Lakini kuona upeo si kumtambua mtu ndani ya mtumbwi. Kwa darubini ya kawaida ya 7x50, hesabuni kilomita mbili tu za kutambua chombo na zana. Kwa sababu hiyo eneo la kwanza la kijiji liwe hekta 20 hadi 50, mbele ya nyumba za watu. Kuruwitu, katika kaunti ya Kilifi, wakazi walifunga takriban hekta 30 katikati ya miaka ya 2000, mwamba unaoonekana kutoka ufukweni, na udogo huo haukuwa kasoro.

Hekta 30 ni kama mstatili wa mita 500 kwa 600, mzunguko wa kilomita 2.2. Kwa kasia, mtumbwi unauzunguka bila kuchoma hata lita moja.

Kuhusu umbo: mpaka ukipita kwenye mchanga au mkondo wa kina kati ya miamba miwili, samaki wa mwamba hawavuki sana, na ndani hujaa haraka. Mpaka ukikata mwamba katikati, samaki huhamia upande wa pili na wavuvi wa jirani huona faida mapema. Ushauri wetu ni mchanganyiko: pande tatu zipite kwenye mchanga au maji ya kina, upande mmoja ukate mwamba, na upande huo uelekee kule wanakovua waliojinyima zaidi.

Epukeni mipaka ya kupinda. Pembe nne au tano, mistari iliyonyooka, kila pembe na namba zake za GPS katika mfumo wa WGS84, ule ambao GPS hutumia. GPS ya mkononi hukosea mita 3 hadi 5, na simu zaidi ya hapo, kwa hiyo msibishane na mtu aliyekutwa mita 6 ndani. Kila mstari upewe alama za nchi kavu: mnara wa msikiti ukilingana na mnazi fulani, ncha ya rasi ikilingana na mnara wa simu. Wavuvi wetu wamekuwa wakijua mahali pao baharini kwa kulinganisha vitu viwili vya nchi kavu, na alama hizo haziibiwi.

Kuipa sheria nguvu

Kwa Tanzania Bara njia ya sheria ndogo ya kijiji ni hii. Kamati inaandika rasimu. Halmashauri ya kijiji inaijadili. Mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, unaipitia. Kisha inapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Bila idhini ya wilaya, faini yoyote mtakayotoza inaweza kupingwa, na mlinzi aliyekamata zana za watu anaweza yeye kushtakiwa. Andikeni muhtasari wa mkutano vizuri: tarehe, akidi, majina na sahihi, hoja zilizopingwa na majibu yake. Kesi nyingi hufia kwenye muhtasari mbovu kabla hazijafika kwenye samaki.

Rasimu iwe na mambo haya: pembe za eneo, zana zinazokatazwa na zinazoruhusiwa, muda, adhabu ya kosa la kwanza, la pili na la tatu, nani anatoa stakabadhi, na fedha ya faini inagawanywaje. Wekeni pia ruhusa ya kupita: chombo kinaweza kukatiza eneo zana zikiwa zimefungwa, na kujikinga na upepo mkali si kosa. Sheria inayomlazimisha nahodha kuzunguka mbali wakati wa kusi itavunjwa, na itakuwa haki yake kuivunja.

Faini ndogo kuliko faida ya usiku mmoja ni leseni. Ulizeni wachuuzi usiku mmoja wa juya unaingiza kiasi gani, kisha pangeni faini ya kosa la kwanza juu ya hapo, ndani ya kiwango ambacho sheria inaruhusu.

Maboya

Boya linalopotea linawapa watu kisingizio, kwa hiyo lishughulikiwe kwa uangalifu kuliko inavyozoeleka. Nanga yake iwe tofali la zege. Zege ndani ya maji hupoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito: tofali la kilo 200 nchi kavu linakuwa na uzito kama wa kilo 115 tu chini. Pipa la lita 200 lililojazwa zege ni kilo 480 juu, kama 275 chini, na hilo linafaa kwa pembe inayopigwa na mawimbi. Litueni juu ya mchanga, kamwe si juu ya matumbawe hai. Kitanzi cha chuma kifungwe ndani ya zege kabla halijakauka, kikiwa kimepinda chini kama ndoana ili kisichomoke.

Kutoka kwenye tofali tumieni mnyororo wa milimita 10 hadi 12 uliopakwa zinki, kwa sababu sehemu ya chini ndiyo inayosuguana na mwamba. Juu yake kamba. Urefu wa jumla uwe mara moja na nusu ya kina cha maji wakati wa bamvua maji yakijaa. Pwani yetu maji hupanda na kushuka hadi karibu mita 4, na aliyepima kina maji yakiwa yametoka atakuta boya limezama siku ya kwanza ya bamvua.

Kamba ya plastiki inayoelea ni ya bei nafuu na ndiyo inayoharibu kila kitu: maji yakitoka, ile iliyozidi inaelea juu na propela ya kwanza inaikata. Tumieni nailoni, ambayo huzama. Au kama hamna budi, fungeni uzito wa kilo mbili katikati ya kamba. Pini za vyuma vya kuungia zifungwe kwa waya wa chuma cha aina ile ile. Waya wa chuma kisichoshika kutu ukikutana na chuma cha zinki ndani ya maji ya chumvi, cha zinki kinaliwa haraka.

Kila miezi mitatu mzamiaji akague kamba yote kwa mkono. Kwarueni vitu vinavyoota juu yake, maana uzito wao pekee hulizamisha boya dogo.

Doria

Wavunjaji huchagua usiku, na huchagua maji ya bamvua yakitoka. Pangeni doria kwa jedwali la maji, lakini saa zibadilike. Doria ya saa ile ile kila siku inajulikana ndani ya wiki. Watu wasipungue watatu, mmoja awe anatoka ukoo au kitongoji tofauti, kwa sababu mlinzi atakutana na mjomba wake mwambani na anahitaji mtu wa kumsaidia kusema hapana. Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, kiliajiri wavuvi wa jirani kuwa walinzi, na sehemu kubwa ya kazi yao ikawa kuzungumza na wenzao kwa lugha wanayoielewa. Huo ndio mtindo.

Mkimkuta mtu, fuateni mpangilio huu: salamu, kumweleza mpaka, kuandika, kuondoka naye nje ya eneo. Andikeni tarehe, saa, namba za GPS, namba ya chombo, idadi ya watu, zana, samaki walioko, na piga picha inayoonyesha alama ya nchi kavu nyuma ya chombo. Mlinzi wa kijiji asitoze pesa baharini, hata kidogo. Faini inalipwa ofisini kwa stakabadhi. Rushwa ya kwanza ya samaki wawili ikijulikana, doria imekwisha.

Mkisikia baruti, msiwafuate. Wale watu wana vilipuzi. Pigeni simu polisi au kwa afisa uvuvi, na chukueni sampuli ya samaki wanaoletwa sokoni: aliyepigwa baruti hukutwa na uti wa mgongo uliovunjika, kibofu cha hewa kilichopasuka na damu iliyotapakaa ndani ya tumbo, huku ngozi ya nje ikiwa nzima. Mpasueni mmoja mbele ya afisa.

Kupima kama inafanya kazi

Vipimo vianze kabla ya kufunga, na vichukuliwe pia kwenye mwamba wa jirani unaofanana ambao haufungwi. Bila huo wa kulinganisha, msimu mzuri utaitwa mafanikio na msimu mbaya utaitwa kushindwa.

Ufukweni, daftari la mavuno linatosha kwa mengi: aina ya samaki, kilo, zana, idadi ya wavuvi, saa walizokaa. Gawanyeni kilo kwa idadi ya wavuvi. Namba hiyo, kilo kwa mvuvi kwa safari, ndiyo wenyewe wanaiamini. Kwa pweza, kila mmoja apimwe peke yake. Tanzania uzito wa chini unaoruhusiwa ni gramu 500.

Mwambani, tandazeni tepu ya mita 50 na kuhesabu samaki mita mbili na nusu kila upande, kwa kasi ile ile kila mara. Kisha rudini juu ya tepu mkiandika kilicho chini yake kila sentimita 50: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani, mchanga. Hizo ni nukta 100, na idadi ya nukta za matumbawe hai ndiyo asilimia yake. Tepu tano kwa kila eneo, kina kile kile, mara mbili kwa mwaka. Hesabuni pia samaki aitwaye kikande. Anakula wale wanyama wa duara wenye miiba wanaotoboa mwamba. Kikande wakiisha, wale huongezeka na matumbawe huliwa kuliko yanavyokua. Hifadhi za Kenya zimeonyesha jambo hili kwa uwazi.

Siku ya kufungua mwamba wa pweza

Kazi ya miezi mitatu inaweza kupotea kwa saa tatu. Habari huenea, vyombo huja kutoka vijiji vya mbali, mwamba unasafishwa siku ya kwanza, bei inaanguka, na waliolinda wanarudi na pweza wawili. Kwa hiyo wiki mbili kabla, kubalianeni bei ya kilo na wachuuzi kwa maandishi na hakikisheni barafu itakuwepo. Chagueni siku ya bamvua yenye maji yanayotoka sana, ili wa miguu wafike. Siku ya kwanza iwe ya wachokoaji wa miguu peke yao, ya pili wazamiaji. Wageni waingie kwa idadi iliyokubaliwa na kwa ada. Mizani iwe moja, mahali pamoja, mbele ya watu. Jike anayelinda mayai ndani ya shimo lake aachwe.

Pesa

Ada za watalii ni nzuri pale watalii wapo, na janga la UVIKO-19 mwaka 2020 lilionyesha zinavyoweza kukatika ghafla. Tozo ndogo kwa kila kilo ya pweza siku ya kufungua, ikilipwa na mchuuzi, inategemewa zaidi. Akaunti iwe na watia sahihi watatu wa vikundi tofauti, mmoja wao mchokoaji wa miguu, na mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna kitu.

Mwaka wa joto

Bahari ikipata joto kupita kiasi, kama mwaka 1998, matumbawe hugeuka meupe na mengi hufa hata ndani ya eneo lililolindwa vizuri. Wavuvi watasema hifadhi imeshindwa. Msihamishe mpaka wala msifungue. Pigeni picha sehemu zile zile za tepu kila mwezi, mjue kipi kimekufa na kipi kimerudi, na itisheni mkutano kuomba jambo moja: pono, kangaja na puju wasivuliwe kwa mwaka mmoja au miwili hata nje ya mpaka, kwenye miamba ya jirani. Hao ndio wanaokula mwani unaofunika mwamba uliokufa, na watoto wa matumbawe hawawezi kushika juu ya mwani. Mkipata ruhusa hiyo, iandikeni kama nyongeza ya sheria ndogo, yenye tarehe yake ya kuisha.